Safari ya Wawili: Kusherehekea Ndoa Mjini



Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hulitamani lakini wachache hulifanya: mume na mke kufunga safari, wao wawili tu, kwenda mjini kwa mwisho wa juma mmoja ili kushukuru kwa miaka ambayo Mungu amewajalia katika ndoa. Huenda ni miaka mitano, huenda ni kumi, na wengine wamefikia jubilei ya fedha ya miaka 25. Wapo watakaosema mara moja kwamba hayo ni mambo ya matajiri, na kwamba mtu mwenye watoto shuleni na mifugo zizini hana nafasi ya kwenda kulala hotelini na mke ambaye yuko naye nyumbani kila siku. Tusiwacheke. Swali lao ni la haki, nalo linastahili jibu.

Tutaeleza somo hili kwa mfano wa mume na mke wanaoishi Kona Baridi, katika Kaunti ya Kajiado, mahali ambapo barabara ya Magadi, ikishapita Kiserian, hupanda kando ya vilima vya Ngong kabla ya kuteremka kuelekea Bonde la Ufa. Wenyeji wa pale wanajua kwamba jina hilo halikutolewa kwa mzaha. Mji mkubwa ulio karibu nao ni Nairobi, mwendo usiofika kilomita 50. Nao mji huo una jina la baridi vilevile, kwa kuwa limetokana na maneno ya Kimaasai, enkare nyirobi, yaani maji baridi. Basi safari yetu ni ya kutoka baridi kwenda baridi. Ikiwa kuna joto lolote litakalopatikana huko, litakuwa lile ambalo wasafiri wamelibeba wenyewe.

Kwa nini kuondoka nyumbani?

Nyumbani ni mahali pa baraka, lakini pia ni mahali pa kazi. Mke akiketi, mtoto anaita. Mume akiketi, jirani anabisha hodi kwamba mbuzi wameingia shambani. Siku zinapita, na mazungumzo ya mume na mke yanabaki kuwa ya karo, dawa ya mifugo, maji na unga. Hayo ni mazungumzo ya lazima, wala si mabaya. Lakini mume na mke wanaozungumza hayo tu kwa miaka kumi huwa kama wenzi wa kazi, wanaogawana majukumu vizuri na kusahau kwamba waliitana kwa jina la mapenzi.

Injili ya Marko, katika sura ya 6, inatuonyesha Yesu akiwaona mitume wake wamechoka kwa wingi wa watu, hata nafasi ya kula hawana, naye akawachukua kando wapumzike. Hakuona kwamba kupumzika ni uvivu. Kanisa nalo limetambua hitaji hilo kwa wanandoa. Mwaka 1962, huko Barcelona, Hispania, Padre Gabriel Calvo aliwakusanya wanandoa kwa mwisho wa juma mmoja, na kutokana na kazi yake ikakua harakati iitwayo Marriage Encounter, ambayo leo imeenea katika nchi nyingi. Moyo wa harakati hiyo ni mambo mawili mepesi: kuacha shughuli za nyumbani kwa siku chache, na kila mmoja kumwandikia mwenzake yaliyo moyoni kisha kuyasoma wakiwa wawili peke yao. Wanaokwenda mjini kusherehekea wanaweza kuazima hekima hiyo.

Sherehe huanza siku ya kupanga

Hili ndilo fundisho kubwa la leo, nasi tunaomba mlishike hata mkisahau mengine yote: sherehe ya ndoa haianzi mnapopanda matatu. Huanza siku mnapoketi kuipanga pamoja. Iliyopangwa na mmoja ni sherehe ya mmoja, hata kama wawili wameketi kwenye meza ile ile.

Tuseme mume wetu wa Kona Baridi ana nia njema kabisa. Anataka kumshangaza mke wake wanapotimiza miaka 20 ya ndoa. Anampeleka sokoni ng'ombe mmoja, anapata fedha, anaweka chumba katika hoteli nzuri mjini. Ijumaa jioni anasema, "Mama watoto, jiandae, kesho tunaenda Nairobi mimi na wewe." Mke anafurahi na kushangaa. Wanafika, chumba ni kizuri, chakula kinaletwa katika sahani kubwa. Lakini mke hali, anageuzageuza kijiko tu. Mume anakasirika: "Nimekuleta mahali ambapo wake za rafiki zangu hawajawahi kufika, na wewe umenuna!"

Mke anamjibu polepole, "Baba watoto, sikununa. Ninahesabu. Ng'ombe uliyemuuza ndiye niliyekuwa nikimkama. Maziwa yake ndiyo yaliyonunua madaftari na sabuni. Ninajiuliza chakula hiki ni maziwa ya wiki ngapi."

Wapendwa, mume huyu hakukosa upendo. Alikosa kuuliza. Alitaka kumpa mke wake zawadi, naye akaichukua zawadi hiyo mkononi mwa mke wake mwenyewe bila kujua. Na kosa hili si la waume peke yao. Yupo mke anayechukua mkopo katika chama chake ili amfanyie mume karamu, kisha mume anakuja kusikia habari za deni kutoka kwa watu wa nje. Furaha ya siku mbili inazaa uchungu wa miezi sita.

Kuuliza hakuondoi utamu wa sherehe. Mume anaweza kuanza hivi: "Mama watoto, mwaka huu tunatimiza miaka 20. Ningependa twende mahali, sisi wawili tu. Wewe moyo wako ungependa nini?" Kisha anyamaze. Asijibu kwa niaba yake. Huenda mke akasema angependa kulala hadi jua lichomoze bila kuwasha moto. Huenda akataka kununua kitenge na kukaa mahali penye miti. Mke naye amuulize mume swali lilo hilo, kwa maana wanaume wengi hawajawahi kuulizwa wanapenda nini tangu walipooa.

Fedha ziwe wazi

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Njia ya salama ni kuweka akiba kidogo kidogo mkijua wote wawili. Shilingi 250 kila wiki, kwa mwaka mzima, ni shilingi 13,000. Mwenye uwezo wa nusu ya hiyo atapata nusu yake, na bado anaweza kusafiri, kwa sababu Nairobi si mbali.

Fedha hizo zigawanywe kabla ya safari katika mafungu matano: nauli, malazi, chakula, matembezi pamoja na sadaka, na fungu dogo la dharura lisiloguswa. Yule anayetunza fedha na yule asiyezitunza wote wajue hesabu. Karo na chakula cha watoto visiguswe hata kidogo. Ikiwa mwaka huu mvua imekosekana na mifugo imedhoofu, ahirisheni bila aibu, au fanyeni safari ya siku moja bila kulala huko. Hata kule Kana ya Galilaya, katika Injili ya Yohane sura ya 2, divai iliwaishia watu katikati ya arusi. Kupungukiwa hakukuifanya arusi ile kuwa ya aibu, maana alikuwapo Mama aliyeona mapema na kuliweka jambo hilo mbele ya Mwanae. Nanyi mkiona upungufu, uwekeni wazi mbele ya mwenzako na mbele ya Mungu.

Kuhusu malazi, kumbukeni kwamba mjini kuna nyumba za wageni zinazoendeshwa na mashirika ya watawa. Nyingi ni safi na tulivu, na bei yake ni nafuu kuliko hoteli kubwa. Lakini ulizeni mapema mambo mawili: saa ambayo lango hufungwa, na kama chumba kina kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo. Wanandoa waliokuja kusherehekea wasije wakalala kama wanafunzi wa bweni.

Tarehe, watoto na majirani

Chagueni tarehe pamoja. Msiangalie likizo ya kazi peke yake, angalieni pia ratiba ya shule, siku za soko na afya ya mke. Wale wanaofuata njia ya asili ya kupanga uzazi watazame kalenda yao na kukubaliana mapema, ili jambo hilo lisigeuke kuwa ugomvi usiku.

Watoto waelezwe ukweli. Si lazima kuwadanganya kwamba mnaenda matangani. Waambieni, "Baba na mama wanaenda kushukuru kwa ndoa yao, tutarudi Jumapili jioni." Mtoto anayesikia maneno hayo amepata katekesi ya ndoa ambayo hataisahau. Waachwe kwa bibi yao, kwa shangazi, au kwa familia mnayoiamini katika jumuiya yenu ndogo ya Kikristo, nanyi mwe tayari kulipa wema huo familia hiyo nayo itakapotaka kusafiri. Mifugo ipewe mtu anayejulikana, na aelezwe kazi yake vizuri, ili mume asishinde Nairobi huku moyo wake ukiwa zizini.

Siku mbili mjini

Kutoka Kona Baridi mtateremka hadi Kiserian na kupanda matatu namba 126, ambayo hupita Ongata Rongai na barabara ya Lang'ata hadi katikati ya jiji. Msijaze siku kwa mambo mengi. Jambo moja asubuhi na moja alasiri yanatosha.

Njiani mtapita kando ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, ya kwanza nchini Kenya. Wageni hutoka mbali kuja kuiona. Lakini mke aliyezaliwa Kajiado anaweza kukwambia kwamba pundamilia amewaona bure tangu utoto wake, na haoni sababu ya kulipia. Ndiyo maana tunasema, ulizaneni.

Wanaopenda kujifunza waende kwenye Jumba la Makumbusho la Nairobi, lililofunguliwa pale Museum Hill mwaka 1930. Humo kuna hazina ya mifupa ya yule kijana wa kale aliyepatikana karibu na Ziwa Turkana mwaka 1984. Watu wa Kona Baridi watajisikia nyumbani, maana wao wenyewe wakiteremka barabara ya Magadi hupita Olorgesailie, mahali penye mashoka ya mawe ya watu wa kale, ambapo Louis na Mary Leakey walianza kuchimba katika miaka ya 1940.

Wanaotaka kimya waende kwenye bustani ya miti ya Nairobi, ijulikanayo kama Arboretum. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu aina za miti zingeweza kufaa kwa kuni za treni, na leo watu hukaa chini ya vivuli vyake. Kiingilio chake si kikubwa. Chukueni chakula chenu, mkae hapo saa tatu, na mtakuwa mmepata kile ambacho hoteli ya ghali haiuzi, yaani nafasi ya kusikilizana.

Na simu? Kubalianeni. Simu moja iwashwe kwa ajili ya watoto, ya pili izimwe. Mume anayejibu simu za biashara mbele ya mke wake katika siku hiyo anamwambia bila maneno kwamba hata leo wewe si wa kwanza.

Mazungumzo yenyewe

Bebeni daftari moja na kalamu mbili. Jumamosi alasiri, kila mmoja aandike kwa dakika kumi majibu ya maswali mawili: Ni jambo gani ulilonifanyia katika miaka hii ambalo sijawahi kukushukuru? Na ni jambo gani ambalo ningependa ulijue juu yangu? Kisha mbadilishane na kusoma kimya. Asiyezoea kuandika aseme kwa mdomo, na mwenzake asimkatize.

Baba Mtakatifu Fransisko, alipofundisha juu ya familia mwaka 2015, aliwahimiza wanandoa wasikose maneno matatu nyumbani: la kuomba ruhusa, la kushukuru na la kuomba msamaha. Kwa Kiswahili tunayo tayari: hodi, asante, samahani. Hodi ni neno la ajabu. Tunalisema kwenye mlango wa jirani, lakini ni wangapi wanaobisha hodi kwenye moyo wa mke au mume kabla ya kuingia na maamuzi yao?

Kila ndoa ina jambo moja gumu lililofunikwa. Huenda ni mtoto aliyefariki ambaye hamjawahi kumlilia pamoja. Huenda ni shamba lililouzwa, au neno baya lililosemwa mbele ya wakwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini msilifunue jambo hilo kwa kuviziana, wala usiku wa kwanza mkiwa mmechoka. Kubalianeni kabla ya safari: "Jambo lile tutalizungumza Jumamosi, saa moja tu, kisha tutaliweka kando." Msipolimaliza, mmelianza, na kulianza kwa upole ni nusu ya kulitatua.

Hapa tuseme jambo moja bila kuzunguka. Palipo na kipigo, vitisho au ulevi wa kupindukia, safari ya mjini si dawa. Zawadi inayoletwa ili kufunika majeraha haiponyi majeraha. Anayeumizwa atafute usalama kwanza, na msaada wa ndugu, wa padre na wa vyombo vya sheria.

Usiku wa wanandoa

Tusione haya kusema kwamba tendo la ndoa ni sehemu ya sherehe hii. Ni zawadi ya Mungu kwa waliofunga ndoa. Lakini zawadi haidaiwi kama deni la chumba kilicholipiwa. Mume asiseme moyoni, nimetumia fedha, basi nina haki. Mke naye asiutumie usiku huo kulipiza kinyongo. Kitabu cha Tobiti, sura ya 8, kinasimulia jinsi Tobia na Sara walivyosimama kwanza wakasali usiku wa ndoa yao. Sala fupi mkiwa mmeshikana mikono huondoa hofu na kiburi. Na ikiwa mmoja amechoka, kulala usingizi mzuri ubavuni mwa umpendaye nako ni kusherehekea.

Misa Takatifu

Mlioahidiana mbele ya altare mnayo sababu ya kurudi mbele ya altare. Katikati ya jiji kuna Basilika ya Familia Takatifu, kanisa lililokamilika mwaka 1963 na kupewa hadhi ya basilika mwaka 1982. Ni mahali pazuri kwa mume na mke kuiweka familia yao chini ya ulinzi wa Yesu, Maria na Yosefu. Mkitaka kurudi nyumbani mapema Jumapili, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1248, inakubali Misa ya Jumamosi jioni kwa kutimiza amri ya Jumapili.

Kuhusu baraka ya jubilei, mwoneni paroko wenu wa nyumbani mapema. Kitabu cha Misa kina sala maalum za kumbukumbu ya ndoa, zikiwemo za miaka 25 na 50. Inafaa baraka hiyo itolewe mbele ya jumuiya inayowafahamu, kabla au baada ya safari.

Kurudi nyumbani

Wengi hufanya kazi nzuri ya kwenda na kazi mbaya ya kurudi. Jumapili jioni wanaingia nyumbani, kelele zinaanza, na kufika Jumatano mambo yamekuwa kama zamani. Basi kabla ya kutoka chumbani, chagueni jambo moja dogo mtakaloendelea nalo: kunywa chai pamoja jioni kabla watoto hawajaitwa, au kuketi na daftari la hesabu kila mwisho wa mwezi, au kusali pamoja kabla ya kulala. Jambo moja linaloshikwa ni bora kuliko ahadi kumi zinazosahauliwa. Wale waliobaki na watoto waletewe kitu, hata mkate na sukari tu, pamoja na neno la asante.

Na wale ambao mwaka huu hawataweza kwenda popote wasihuzunike. Anzeni na ile sehemu isiyohitaji nauli. Jioni ya leo, watoto wakishalala, ketini mkaulizane: "Wewe moyo wako ungependa nini?" Mkisikilizana jibu lake, sherehe yenu imeshaanza.

Maswali ya kujadili, mume na mke

1. Ni lini mara ya mwisho tulipozungumza kwa saa nzima bila kutaja fedha, watoto au mifugo?

2. Je, kuna zawadi niliyowahi kukupa ambayo ilikuumiza kwa sababu sikukuuliza kwanza?

3. Tukitaka kwenda mjini mwaka ujao, tunaweza kuweka shilingi ngapi kila wiki bila kuwanyima watoto?

4. Ni jambo gani gumu ambalo tunapaswa kulizungumza, na ni siku gani tutakubaliana kulianza?

Mungu azibariki ndoa zenu.